Mkono Ulioshika Salfeti

Kabla hujasema nilikuwa na njaa au nilichanganyikiwa, ujue kwamba siku ile nilikuwa nimekula pilau sahani mbili, pombe sijagusa, na akili zangu zilikuwa zangu zote. Mimi ni mpiga picha hapa Karatu. Wengi mnanijua: yule dada mnene anayewafokea maharusi, "Chekeni kidogo! Mbona kama mmefiwa?" Sina kipaji cha kutunga. Ningekuwa nacho ningetunga kitu cha kunisifia, maana hiki hakinisifii hata kidogo.

Kwanza uelewe habari yangu na mvua. Kamera yangu ya kwanza iliingia maji mazikoni. Nikaizika kwenye ndoo ya mchele kama watu wanavyoshauri, mwishowe mchele nikaula na kamera haikuamka. Tangu hapo nikiona wingu limetanda upande wa Ngorongoro, moyo unanienda mbio. Zamani tulikuwa tunafunika na mfuko wa rambo, kazi imekwisha. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tukabaki na akili zetu. Dereva mmoja wa watalii, tulipokutana ukingoni mwa kreta nikipiga maharusi kwenye ukungu, akanifundisha kutumia zile kofia za nailoni za kuogea zinazowekwa bafuni kwenye lodge. Unaivalisha kamera, unatoboa mbele lenzi itokeze, inakaa kama bibi aliyetoka saluni. Usicheke, zimeniokoa mara nyingi.

Sasa harusi yenyewe. Ilikuwa kijijini Qurus, mwezi wa kumi na mbili, watu wote wamerudi nyumbani. Bibi harusi anaitwa Paskalina. Alilelewa na mama yake mdogo, kwa sababu mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hilo nilikuwa nalijua, maana tulipopanga picha za familia aliniambia mwenyewe, "Upande wa mama atasimama mama mdogo peke yake." Nikasema sawa, tukaendelea na mengine.

Baada ya misa tulikwenda nyumbani kwao, kwenye turubai. Nikawatoa maharusi niwapige pembeni ya shamba la ngwara, yale maharage ya kwetu, kwa sababu ule udongo mwekundu na shela jeupe vinapendana sana kwenye picha. Hapo ndipo alipokuja. Msichana tu, rika la bibi harusi, kitenge cha kijani kimemganda mwilini kwa maji. Kichwani alikuwa na mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine ikawa kofia ndefu ya kufunika hadi mgongoni, kama watu wanavyojikinga mvua shambani. Nilidhani anatoka kuosha vyombo na kina mama. Wewe ungedhani nini? Ila nisikilize vizuri hapa: mvua ilikuwa haijaanza, na yeye alikuwa ameloa chapachapa.

"Pole na kazi, dada," alisema. "Inakuja. Funika hiyo."

Sijamaliza kuitikia, matone yakashuka, tena yale makubwa. Nikachomoa kofia ya kuogea begini, na kwa ile haraka ikachanika mikononi mwangu. Maharusi nao hawakukimbia. Walikuwa wanacheka, bwana harusi anajaribu kumfunika mwenzake kwa koti la suti, na mimi naziona picha za maisha yangu zinapita nikiwa nimekumbatia kamera tumboni. Yule msichana akavua mfuko wake kichwani, akaukunjua, akasimama begani kwangu na kuunyoosha juu ya kamera. Yeye akabaki kichwa wazi.

"Utaumwa wewe," nikamwambia.

"Piga tu. Mimi mvua hainidhuru tena."

Nikapiga. Niamini, sijawahi kupata picha kama zile, na sidhani nitapata. Paskalina ameinua gauni, tope hadi magotini, anacheka mpaka mwanya wake wa mbele unaonekana wote. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, tone lisiingie. Kila nikipata nafasi nilikuwa naangalia lenzi, nafuta, narudi kupiga. Salfeti ilinuka matope ya korongoni, na mkono ulioishika haukutetemeka hata mara moja.

Mvua ilipozidi, maharusi wakakimbilia turubaini. Nikaanza kuingiza kamera begini.

"Dada," akasema yule msichana, "na mimi nipige. Mimi na mtoto."

"Mtoto wako yuko wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu kule turubaini. Pale mlangoni Paskalina alikuwa amezungukwa na watoto kadhaa wanaokanyaga shela lake. Nikajua ni mmoja wao. Nikamwambia, na ninakumbuka nilivyosema kwa upole wa mtu mwenye haraka, "Mdogo wangu, mvua yote hii unaiona? Kamera itakufa. Ikikatika njoo na mtoto wako, nitawapiga hata kumi."

"Haitakatika mapema."

"Basi siku nyingine. Nitarudi hapahapa Qurus nikutafute."

Nilikuwa nimeshafunga zipu. Kisha akasema, "Sawa, dada. Itunze," akarudisha salfeti kichwani, akateremka upande wa korongo. Mimi nikakimbia na begi langu kifuani. Hata asante sikusema.

Mvua ilipokatika, giza lilikuwa linaingia. Niliulizia msichana wa kitenge cha kijani. Kina mama wa jikoni walisema hawamjui, nikasema basi, atakuwa jirani aliyefuata pilau. Nikasahau.

Sikumkumbuka tena mpaka Paskalina na mama yake mdogo walipokuja dukani kwangu kuchagua picha za albamu. Wamekaa kwenye benchi, nawafungulia moja moja kwenye kompyuta, tunacheka yale matope. Tukafika kwenye picha moja iliyoharibika. Juu pembeni, upindo wa salfeti ulikuwa umeingia, na vidole vilivyoushika. Nikasema, "Hii naifuta."

Mama mdogo akanishika mkono. "Usifute."

Akasogea hadi karibu na kioo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Mimi sikuwa nimekiona kabla, si shambani wala pale dukani.

"Hicho kidole nilikivunja mimi," alisema. "Kwa mlango wa zizi. Tulikuwa wadogo, ananikimbiza, nikaubamiza." Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Alikuwa ameloa?"

"Ndiyo, mama. Si ilikuwa mvua."

"Kabla ya mvua, au baada?"

Nikakumbuka kitenge kilivyomganda mwilini kabla ya tone la kwanza. Nadhani aliona usoni kwangu. Akakaa chini, akatueleza taratibu, na Paskalina anasikiliza kama mtu anayeijua hadithi nusu yake. Dada yake alichukuliwa na maji kwenye lile korongo, akitoka mashine ya kusaga, amejifunika salfeti. Wenzake walimwambia asubiri maji yapungue, akasema mtoto ana njaa, anataka kunyonya. Maishani alikuwa na picha moja tu, ya kipaimara, na yenyewe ilioza nyumba ilipovuja. "Huyu," akasema akimgusa Paskalina goti, "hajawahi kuiona sura ya mama yake."

Mimi na mtoto. Ndivyo alivyosema. Na mtoto alikuwa amesimama pale mlangoni mwa turubai, na shela kichwani.

Paskalina hakulia. Aliniuliza jambo moja tu. "Alikuwa anafananaje?"

Kitenge nilikikumbuka. Salfeti niliikumbuka, na harufu yake, na sauti, na yale maji. Sura sikuwa nayo. Nimetafuta kichwani siku ile na kila siku tangu hapo, na pale penye sura pana utupu. Mimi, mtu ninayekula kwa kutazama nyuso za watu, alisimama begani kwangu akiloa kwa ajili yangu, na sikumtazama. Nilikuwa natazama lenzi.

Wapo walioniambia mzimu haushiki kwenye picha, kwamba hata ningepiga ningepata shamba la ngwara tupu. Inawezekana. Lakini mkono ulishika. Paskalina ameukuza, umewekwa kwenye fremu, na ukiingia sebuleni kwake ndio unaouona kwanza, sio picha yake na mumewe. Mkono na upindo wa salfeti.

Nimerudi Qurus kama nilivyoahidi. Mara nyingi tu. Wingu likianza nakwenda kusimama pale shambani, kamera wazi, haina kofia wala mwavuli, mpaka naloa na wapita njia wananiuliza kama ni mzima. Hakuna aliyekuja. Na kamera yenyewe, amini usiamini, ni nzima mpaka leo. Haina hata ukungu kwenye lenzi. Wakati mwingine natamani ife.

Paskalina sasa ana mtoto wa kike. Akija mjini hupita dukani, tunaongea habari za bei na za mashamba, na kabla hajaondoka lazima aulize, "Hujakumbuka chochote?" Juzi aliuliza kwa namna nyingine. Alikuwa ameshika kidevu cha mtoto wake, meno ndiyo kwanza yanaota.

"Niambie hili tu, dada. Alikuwa na mwanya kama mimi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angenishtaki? Ingemtosha maisha yake yote. Lakini huwezi kumdanganya mtu kitu kama hicho halafu ukalala.

"Sijui," nikamwambia. "Hakucheka mbele yangu."

Kwa hiyo wewe mwenye kamera, au hata simu tu, kifunike chombo chako, sikukatazi. Lakini mtu akikuomba picha kwenye mvua, usimwambie siku nyingine. Hujui ametoka mbali kiasi gani, wala kama ataruhusiwa kuja tena. Mpige hapohapo. Na kabla hujabonyeza, toa jicho kwenye kamera, mtazame, umwambie acheke kidogo.