Mkungu wa Mwalimu Mwanasaumu

Garama Charo hukata miti, lakini tangu siku aliyoanguka na tawi la mkwaju kule Kisauni, akavunjika nyonga, hapandi mti kabla ya kuugonga. Tawi lile lilikuwa na majani mabichi tele. Ndani lilikuwa limeoza.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, aliitwa Mtongwe na Mwalimu Mwanasaumu, mwenye shule ya chekechea. Uwanjani palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na watoto arubaini hawakuwa na kivuli kingine. Kwenye tawi lililoelekea paa la darasa paliota uyoga mgumu, mpana kama sahani. Mwalimu alikuwa ameubandua mara tatu na kupaka chokaa, nao ukarudi. Baadhi ya wazazi walitaka mti wote uangushwe, naye wasiwasi ulikuwa umemkondesha.

Garama alimweleza kwamba uyoga ule ni tunda tu. Kuvu yenyewe inayoula mti imo ndani ya mbao. Iliingilia kwenye kigutu cha tawi lililokatwa ovyo zamani, maji yakatuama humo. Kisha akagonga kwa nyundo, polepole, kutoka juu hadi mizizini. Tawi lilitoa sauti ya debe tupu. Akalitoboa kwa keekee nyembamba, ukatoka unga mweupe, majimaji, kama muhogo uliovunda. Mwalimu akauliza kama shina nalo limekwenda.

"Sijui bado, mwalimu," alisema. "Nisikudanganye."

Alitoboa shina mahali pawili. Mara zote mbili vilitoka vipande vidogo vigumu, vimejikunja, vyanukia mbao nzima.

"Shina li salama. Tawi ndilo la kuondoka."

Mwalimu alikaa kwenye benchi dogo la watoto akasema alhamdulillahi.

Jumamosi, shule ikiwa tupu, Garama alilifunga tawi kwa kamba na kulikata vipande vipande. Kipande cha kwanza kilipofika chini kilipasuka chenyewe. Uwazi wake ulipitisha mkono mpaka begani. Tawi lile lisingefika mvua za vuli. Wazazi waliokuja kutazama walitia mikono yao humo mmoja mmoja, wala hapana aliyetaja tena kuangusha mti.

Jumatatu watoto walirudi kivulini, wakalalamika kwamba jua sasa linapenya upande mmoja. Mwalimu akawaambia wasogee.