Michungwa ya Ernesta Kwenye Bonde la Chumvi

Mtu akikuita mvivu na mgongo wako umepinda kwa jembe, utamjibu nini? Mwaka 1975, huko Kasulu, Ernesta aliitwa mvivu mbele ya kijiji kizima. Aliyemwita ni Tamimu, bwana shamba aliyeletwa kutoka Tanga, kijana ambaye viatu vyake havikujua tope.

Wanakijiji walikuwa wamehamishwa na serikali kutoka mlimani, wakapangwa bondeni kwenye kijiji kipya. Ernesta alishuka na miche arobaini ya michungwa, aliyoibebesha, yaani kuiunganisha, kwa mkono wake mwenyewe juu ya mashina ya milimau. Alipoonyeshwa pa kupanda, alisema wazi: "Bwana Shamba, hapa tulikuwa tunaleta ng'ombe walambe udongo. Mchungwa hauwezi chumvi. Niruhusu nikapande kule juu."

"Ramani inasema bustani ni hapa," alijibu Tamimu.

Ramani! Ramani imewahi kulamba udongo?

Basi miche ikapandwa. Kiangazi kilipoingia, ncha za majani zikaungua, majani yakapukutika, ukoko mweupe ukatanda ardhini. Tamimu akaamuru imwagiliwe asubuhi na jioni, tena kwa maji ya kisima cha hapohapo bondeni. Maji yenyewe chumvi tupu! Kadiri Ernesta alivyomwagilia, ndivyo miche ilivyozidi kufa. Hapo ndipo alipoitwa mvivu. Hakulia. Alikasirika, na nani angemlaumu?

Zamu yake ya kumpikia bwana shamba ikafika. Akaloweka udongo wa bustani ile, akauchuja, akapika maharage kwa maji hayo. Tamimu akala na wazee wa kijiji, akalamba vidole.

"Mama, dukani hakuna chumvi mwezi wa tatu huu. Hii umeipata wapi?"

"Chini ya mchungwa wako," alisema Ernesta, akaweka bonge la udongo kando ya sahani. "Onja, mwanangu. Ukishaonja, niite tena mvivu."

Wazee wakaangua kicheko. Tamimu akagusa udongo kwa ncha ya kidole, akaonja.

"Haya, mama. Miche iliyobaki ihamishie juu."

"Iliyobaki?" Ernesta alimshika mkono, akamwinua kama mtoto aliyekojoa mkekani. "Twende ukaihesabu."

Walikwenda. Ilikuwa minne.