Vidole vya Verlene

Kwa miaka thelathini na minne Verlene Sapp hakuwahi kumwona mtu hata mmoja akipaa kwenda angani. Usicheke. Aliwavalisha wasafiri suti zao, akawafunga glavu, akawasindikiza hadi mlango wa gari, kisha akarudi ndani kukusanya vifaa. Roketi ikiondoka, yeye huisikia kwenye sakafu, chini ya viatu. Jirani zake pale Titusville, mji ulio karibu na uwanja wa roketi, watu wasiojua hata skrubu inakazwa upande gani, wameziona safari zote wakiwa kwenye viti vya kukunja kando ya mto, bia mkononi, halafu ndio wanaomweleza yeye roketi ilivyokwenda!

Kabla ya hapo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo za kuogelea. Siku ya kwanza katika kazi ya suti za angani, mzee mmoja mkali aitwaye Orville Tate alimfunga leso machoni, akampa glavu na mkono wa suti.

"Macho yanadanganya, binti," akamwambia. "Na mashine nazo zinadanganya. Funga mpaka kidole kikuambie."

Glavu ya kuendea angani hushikana na suti kwa pete ya chuma yenye meno mawili. Jino la kwanza linalia, ka! Hata aliyesimama mlangoni analisikia. La pili halina sauti. Linajikaza tu chini ya ncha ya kidole, kama fundo la uzi linapoingia kwenye kitambaa. Kipimo cha kuvuja hewa kinapita hata kama limeshika jino moja, ingawa huko juu glavu hiyo inaweza kufunguka. Jino la pili hakuna mashine inayolijua, kidole ndicho kinachojua. Ndiyo maana pale chumba cha kuvalia pana desturi yao: anayefunga hutamka kwa sauti, "Imeshika," na mwenzake huandika. Basi. Haulizwi mara ya pili. Kumuuliza mtu mara ya pili ni kumwita mwongo mbele za watu, na wapo walionuniana miaka kwa ajili hiyo.

Verlene alijifunza kwa wiki mbili, leso machoni, mpaka Orville mwenyewe akasema, "Haya, huyu ana mkono." Hajasifiwa tena na mtu kwa namna iliyomfurahisha kama ile. Na mambo aliyoyaona! Rubani mmoja, jitu la miraba minne, aliyemwomba amshike mkono dakika mbili na asimwambie mtu. Mwanamke mmoja daktari aliyeimba nyimbo za kanisani huku akifungwa buti. Wapo waliokwenda wasirudi. Hao Verlene hakuwazungumzia, ila kila mwaka alikuwa na siku zake za kunyamaza, na Hoyt, mumewe, alizijua. Kisha ikaja miaka ya ukame wa kazi, vyombo vya angani vya zamani vikastaafishwa, mji ukafunga milango duka kwa duka, na Verlene akashona mapazia ya watu miaka minane. Alipoitwa tena alikwenda mbio kama msichana anayekwenda kuposwa. Chumba kilikuwa na harufu ileile ya mpira na spiriti. Alisimama pale mlangoni akalia, Dwight Pruitt akamcheka hadi kesho yake.

Huyo Dwight ndiye mwenzake wa kuandika. Mcheshi, mbea, mla keki za watu. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa na hajawahi kumwuliza mara ya pili.

Sasa, tangu Desemba, vidole vya Verlene vilianza kufa ganzi. Kwanza kidogo kidogo, baadaye ncha zote. Hakumwambia mtu. Hoyt alimkuta jikoni amefumba macho, anafunga na kufungua vifuniko vya chupa za jamu.

"Mke wangu, vidole vimekwisha hivyo."

"Vimechoka tu."

"Vimechoka? Jana umeshika sufuria ya moto ukaendelea kunipigia stori! Mwambie Dwight."

"Wiki tatu, Hoyt. Safari moja tu, halafu nastaafu. Niache nimalize kama wenzangu."

"Na usipolisikia hilo jino?"

"Nitalisikia."

Hoyt akarudisha chupa kabatini. Kubishana na Verlene ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini tumwelewe mama wa watu. Safari zote hizo, hakuna hata moja iliyowahi kucheleweshwa na mkono wake. Hali ya hewa ilichelewesha, mabomba yalichelewesha, siku moja hata ndege wa mto walichelewesha. Yeye, kamwe. Alitaka kutoka na hilo tu. Keki ilikwisha agizwa, ina jina lake juu.

Asubuhi ya safari aliamka mapema, akaloweka mikono katika maji ya uvuguvugu, akaenda. Chini, wapishi walikuwa wamekwisha injika masufuria ya maharage, kwa kuwa roketi ikiruka salama watu wote hula maharage na mkate wa mahindi, na hailiwi hata punje kabla. Watu walimpigia makofi korido nzima. Dwight alimpokea na kalamu sikioni.

"Bibi harusi amefika! Leo usinililie kwenye karatasi zangu."

"Wewe kaa mbali na keki yangu."

Wasafiri walikuwa wanne, glavu nane. Ya kwanza jino la pili alilisikia. "Imeshika." Ya pili alilisikia, au alidhani amelisikia. "Imeshika." Dwight aliandika. Ya tatu, ya nne. Alikuwa anafumba macho na kusukuma, na sauti yake ilitoka vizuri, nzito, ileile ya siku zote. Ya tano. Ya sita. Moyoni alijiambia: mkono wa miaka thelathini na minne haukosei.

Wa mwisho alikuwa Marisol Teague, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Glavu ya kushoto ikaingia. "Imeshika." Marisol akamnyooshea mkono wa kulia na kufumba macho, ametulia kama mtoto anayekatwa kucha.

"Mama Verlene, wenzangu wameniambia nikikufikia wewe niache kuogopa," akasema. "Nimeacha."

Verlene akasukuma pete. Ka! Jino la kwanza. Akazungusha, akaweka kidole, akangoja. Hakuna kitu. Akabonyeza zaidi. Ilikuwa kama kugusa kwa kidole cha mtu mwingine. Dwight alisimama, kalamu juu ya karatasi, akingoja neno moja.

"Leo unataka tukuimbie kwanza?" akatania.

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa jepesi, amelitamka maelfu ya mara. Na kanuni aliijua vyema: anayefunga akisema hana hakika na mkono wake, anatoka kazini saa ileile, na kila alichokigusa kinafunguliwa upya. Glavu nane. Dakika ya kuruka siku hiyo ilikuwa moja tu. Ikipita, ni hadi keshokutwa.

"Sijui," Verlene akasema.

"Hujui nini?"

"Sikulisikia jino. Na zile saba, Dwight, siwezi kuapa. Vidole vyangu vimekufa tangu Desemba. Nilificha."

Marisol alifumbua macho. Mkuu wa zamu, bwana mmoja aitwaye Kessler, alitazama saa ukutani, akamtazama Verlene.

"Unajua ni saa ngapi?"

"Najua."

"Tangu Desemba! Mama, wewe wa kufanya hivi?"

"Ndiyo, mimi. Zifungueni."

Zikafunguliwa. Dwight alizifunga upya moja moja, hatanii tena, jasho likimtoka. Kila pete, kabla hajaifungua, alilipima jino la pili kwa kidole chake mwenyewe. Verlene alisimama ukutani, mikono nyuma, kwa sababu hakuruhusiwa kugusa kitu. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka. Dakika ya kuruka ilipita wakiwa bado kwenye glavu ya sita. Huko chini maharage yakarudishwa kwenye friji. Kando ya mto watu walikunja viti vyao wakilaani, wasijue wanamlaani nani.

Dwight alipomaliza alivuka chumba, akasimama mbele yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Zilikuwa zimeshika," akasema. "Zote nane, hata ya mwisho. Meno yote mawili. Verlene, wewe mwanamke! Ungesema tu neno lako, saa hizi wako juu."

"Ningesema, ungeandika?"

"Ningeandika, bila shaka."

"Bila kuuliza?"

"Nimekuuliza lini mimi?"

"Ndiyo maana sikuweza kulisema," Verlene akasema, na hapo akalia mbele ya watu wote. Dwight akaiweka kalamu chini, akamshika mikono yote miwili, akambana vidole kwa nguvu, na Verlene hakusikia kitu.