Kulungu Wasioogeshwa

Mama alipokuja London kunitembelea, hakutaka kuonyeshwa madaraja wala majumba. Alitaka wanyama. Amefuga ng'ombe maisha yake yote kwetu Kenya, basi nikampeleka kwenye mbuga ya Richmond kuona kulungu. Alisimama kwenye majani marefu akiwakagua kama mtu anayetaka kununua, kisha akauliza, "Hawa wanapelekwa dip wapi?"

Nikamwambia hawaogeshwi dawa ya kupe. Hakuamini.

Jioni alimkuta kupe nyuma ya goti lake. Akamng'oa kwa kucha, kama anavyowang'oa masikioni mwa ng'ombe, akamtupa huku akicheka.

Mimi sikucheka. Swali lake lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yalinishangaza. Kumbe kulungu si yeye anayempa kupe viini vya Lyme, ugonjwa ambao kupe huwaambukiza watu. Kupe huvipata akingali mchanga, anapofyonza damu ya panya na ndege. Kulungu ni ukumbi wa harusi tu: kupe wakubwa hukutana hapo, hula wakashiba, kisha majike huenda kutaga. Mnyama hana hatia, lakini bila yeye kupe wangepungua sana. Nilimwonea huruma, na bado nikamwogopa.

Wiki mbili baadaye mama akawa mchovu, na safari yake ya kurudi ilikuwa imekaribia. Nilipomwomba nimtazame mguu alikataa. Kupe ni shida ya ng'ombe, alisema, yeye hajawahi kuugua kwa ajili yao. Nikamkumbusha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Akanijibu kuwa methali hiyo alinifundisha yeye.

Mwishowe alichoka kubishana, akanyoosha mguu. Picha za dalili za Lyme nilizokuwa nimeziona zote zilikuwa za duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwake sikuona wekundu wowote. Nikamgeuza aelekee dirishani, ndipo nikaliona: duara la weusi uliokolea, pana kuliko kiganja changu. Niliogopa mpaka machozi yakanitoka. Nadhani ni hayo machozi yaliyompeleka kwa daktari, si maelezo yangu. Alipewa dawa, na uchovu ukapungua.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa mlangoni, aliniambia niketi. Akanikunjia suruali, akaanza kunipapasa nyuma ya magoti, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia sijarudi Richmond tangu siku ile.

"Tulia," akasema. "Nikienda, wewe huku nani atakuangalia?"