Mafuta ya Mbuzi kwenye Shokapu

Fundi wa hapa Arua ametoa shokapu kuukuu za gari langu, na harufu ya grisi iliyochacha imenirudisha Koboko, utotoni.

Baba alikataa fundi. Alifunga shokapu mpya mwenyewe ili ampeleke shangazi kwenye harusi yake, na mipira ya shokapu akaipaka mafuta ya mbuzi isilie. Jua likayaozesha. Asubuhi ya harusi nzi walijaa, mbwa wakalamba hadi chini ya gari. Uvundo ulinijaza mate kinywani, nikaogopa kutema mbele ya baba.

“Kaka, nini imekufa ndani ya gari?” shangazi aliuliza.

“Hakuna kitu. Ingia tu.”

Shangazi alikunja gauni lake jeupe, akaenda kanisani kwa miguu. Baba alimfuata polepole kwa gari, mimi ndani, mbwa nyuma yetu.