Makopo Mawili ya Maziwa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yakajaa maziwa ya unga kutoka nje, sisi wa mabwawa ya majitaka hatukutupa kopo hata moja. Mimi, fundi wa maabara na mjuaji wa kupindukia, nilihifadhi unga wangu wa kugandisha tope kwenye kopo tupu, kabatini, kando ya maziwa ya chai. Kubandika karatasi? Ya nini, na kichwa ninacho!

Siku hiyo wageni wa wizarani walikuja kuona jaribio langu. Unachanganya unga ule na tope, unachomeka vibati viwili vilivyounganishwa na betri ya gari, umeme unasukuma maji yatoke, tope linabaki kavu. Enzi zile hayo yalikuwa maajabu. Nilivaa hadi tai.

"Mwanangu, maziwa ni kopo lipi?" aliuliza Mama Mwajuma, mpishi wetu wa chai. Natamani nimsikie tena akiniita hivyo.

"La kushoto, mama," nilijibu bila kugeuka. Nikachota kwenye la kulia, nikamimina kwenye tope, nikaunganisha betri.

Tukangoja. Tope halikutoa hata tone la maji.

"Karibuni chai kwanza, waheshimiwa," nikasema, jasho likinitoka.

Bosi wangu, Mzee Chilongani, akakoroga, akainua kijiko. Chai ikakifuata, ikaning'inia, ndefu kama mlenda wa kwao Kongwa. Akaitazama, akanitazama.

"Kijana, na hii tuiwekee betri?"