Klarineti ya Baba Yaanikwa Ipole

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu moja tu: kaburi la baba kule Ipole lilikuwa linawekwa msalaba wa zege, na ukoo uliamua nipige klarineti yake, wimbo uleule aliokuwa akiwapigia wafiwa wa kanisa la Moravian pale kijijini. Klarineti ni filimbi ndefu ya mpingo yenye funguo za chuma. Baba aliniachia mimi, si kaka zangu wanaoshika kila kitu kama wameshika jembe. Tangu ije mikononi mwangu haijapata ufa hata wa unywele. Hilo nilimwambia kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza.

Sasa, mpingo uliozoea unyevu wa pwani ukiupeleka Unyamwezi kiangazi, unakauka na kusinyaa, na ukiupulizia pumzi ya moto asubuhi ya baridi unapasuka. Kwa hiyo niliweka sponji iliyoloana kwenye kisahani cha sabuni chenye matundu, nikakifungia ndani ya sanduku la klarineti.

Treni ilipoipita Dodoma, midomo ilianza kukauka. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye kofia ya kitalii, akitusomea kwenye simu, kwa sauti, kwamba tunafuata njia ya misafara ya kale. Misafara! Watu walibebeshwa pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, yeye amekaa kitini anatafuna korosho, anajiona mwenzao. Nilipofungua sanduku kulowesha sponji, akanishauri nipake mafuta ya nazi tu, yatosha.

"Na wewe upakwe nini ndiyo unyamaze?" nilimuuliza. Akarudi kwenye simu yake.

Tabora nilishuka, nikachukua bajaji hadi mtaa wa Ipuli, palepale mjini, kwa shangazi Raheli, dada yake baba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Dar hamli?"

Nilikagua klarineti kabla hata ya kunywa chai. Pete za chuma kwenye maungio zilikuwa zimeanza kucheza, maana yake mti umeshasinyaa. Shangazi akaja na samli.

"Shangazi, huu ni mpingo, si chapati."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Kumbe baba yako alikuachia na mdomo!"

Kesho yake nilipanda basi la Sikonge, nikaendelea hadi Ipole. Alinipokea baba mdogo Elia, mdogo wake baba, mkulima wa tumbaku na mfugaji wa nyuki. Tuliposalimiana tu nikatoa amri: sanduku lile asiliguse mtu. Kisha nikaenda na wanawake kufagia makaburini.

Niliporudi, jamani! Sanduku liko wazi. Vipande vya klarineti vimepangwa juu ya gunia kwenye kichanja, juani, na kuku wanaidonoa sponji yangu.

"Baba mdogo! Umefanya nini?"

"Nimekuokolea mali," alisema kwa fahari. "Nilifungua nikakuta maji mle ndani. Tumbaku yenye unyevu inavunda, mteuzi anayepanga madaraja sokoni anaikataa mbele za watu. Nikaianika. Nimeigeuza pande zote."

Ameigeuza! Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mdogo wa baba yake. Nilisema nyumba ile nzima wamekausha akili pamoja na tumbaku. Halafu nikaokota kipande cha juu, na chini ya funguo nikauona: ufa wenye urefu wa kidole, na matone meusi yamedondoka kwenye gunia. Nikakaa chini nikalia. Msalaba unawekwa kesho asubuhi, na sauti ya baba wameniulia juani.

Baba mdogo aliokota tone moja, akalinusa.

"Hii nta."

"Nta gani?"

"Yangu. Ufa huu ni wa zamani, mwanangu. Baba yako alikuja nayo kutoka Dar kiangazi, akaipiga msibani asubuhi ya baridi, ikaalika pa! Akanijia hapa, tukachanganya nta na masizi ya chungu, akaziba. Alikuwa anarudia akiona inalegea. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Miaka yote nimekuwa nikiifuta na kuipaka mafuta juu ya kiraka, na kujisifu.

"Hata hivyo, jua lako ndilo limeiyeyusha," nilisema, maana sikuwa tayari kunyamaza.

"Na bila jua langu ungeuona lini?"

Jioni tuliyeyusha nta, nikaziba mwenyewe, sponji nikaifungia upya ndani ya sanduku. Baba mdogo aliitazama ile sponji, akaguna, akaiacha.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Niliificha klarineti ndani ya khanga, kifuani, hadi mti ukapata joto, ndipo nikapuliza. Ubeti wa kwanza ulitoka safi, na watu wakatulia kwa adabu kama wanasikiliza hotuba ya diwani. Ubeti wa tatu nta ikaachia. Noti ya juu ikapiga yowe. Nilitamani ardhi inimeze, nikafumba macho nikisubiri kicheko.

Nikasikia kilio. Bibi mmoja wa kanisani alikuwa ameketi chini, analia kwa sauti. "Huyo!" alisema. "Huyo sasa ndiye yeye!" Na wengine wakaanza kuimba, wakilifunika lile yowe kila liliporudi, na ilikuwa wazi kwamba walishazoea kufanya hivyo baba alipokuwa akipiga.

Nilirudi kwa treni ileile, na donge la nta ya Ipole kando ya sponji. Abiria mmoja akaniuliza kama klarineti ile ni nzima. Nilifungua sanduku nikamwonyesha ufa.

"Pole," alisema.

"Pole ya nini?" nilimjibu. "Ni wa baba."